Klematisi Iliyonyauka Isitupwe Upesi

Wako wenye bustani wengi ambao hung'oa klematisi na kuitupa mara waionapo imenyauka, na kwa kufanya hivyo huua mmea ambao bado u hai.

Klematisi ni mmea utambaao juu ya miti. Watu wa nyanda za juu za Kenya huwaona ndugu zake wa porini kandokando ya misitu, wenye maua meupe madogo na mbegu zenye manyoya. Zile zenye maua makubwa zilipatikana kwa kuchanganya mbegu za aina mbalimbali. Iliyo mashuhuri kupita zote, Jackmanii ya rangi ya zambarau, ilitokea katika bustani ya miche ya Jackman huko Woking, Uingereza. Mbegu zilichanganywa mwaka 1858, na maua yakaonekana mwaka 1862.

Kwa bahati mbaya, hizo zenye maua makubwa ndizo zishikwazo zaidi na ugonjwa wa kunyauka. Kuvu huingia katika shina, hasa penye jeraha, na mmea uliokuwa karibu kuchanua huinamisha vichwa, majani yakawa meusi kwa siku chache. Kuutilia maji hakufai kitu. Yapasa shina likatwe mpaka mahali palipo pazima, hata kama ni ndani ya udongo, na yaliyokatwa yachomwe moto. Mizizi huwa haina ugonjwa, na macho yaliyofukiwa huchipua tena, pengine baada ya miezi mingi.

Lakini macho hayo hayatakuwapo ikiwa mmea haukupandwa kwa kina, na hapo ndipo wengi hukosea. Miche mingine hupandwa sawasawa na ilivyokuwa chunguni, klematisi sivyo. Shimo liwe la futi 1 na nusu, litiwe mbolea ya zizi iliyooza vizuri, na shina lifukiwe inchi 2 au 3 kupita alama ya udongo wa chungu. Mizizi hupenda ubaridi na kichwa hupenda jua. Jiwe pana likiwekwa juu ya udongo latosha kuwa kivuli. Tena mmea huu hujishika kwa vikonyo vya majani, navyo haviwezi kuzunguka mti mnene, basi upewe waya au fito nyembamba, upepo usije ukavunja shina na kuifungulia kuvu mlango.

Jackmanii huchanua juu ya matawi mapya, kwa hiyo huko Uingereza hupogolewa Februari au Machi, kiasi cha futi 1 kutoka ardhini. Zile zichanuazo mapema hungojewa mpaka maua yaishe. Utomvu wake huwasha ngozi. Mikono ioshwe mara baada ya kazi.