Sare ya Harusi na Hisa Tano

Katika harusi nyingi za Arua, nchini Uganda, mwaliko huja na sare. Kamati huchagua kitenge, hutangaza bei, na anayekuja na nguo yake ya sanduku hujulikana tangu langoni.

Vitenge vingi vya mji huu hutoka soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mnunuzi mzoefu hukipindua kitambaa kwanza. Wax ya Uholanzi huonyesha rangi pande zote mbili. Cha bei rahisi mara nyingi huwa kimefifia nyuma. Wenzake ukumbini hawana haja ya kupindua chochote: wameshajua.

Kwa sababu ya kupimana huko, husemwa wanawake hawapendani. Kauli ya uvivu hiyo. Wanaume wakishindana kwa pikipiki na nyumba ya bati huitwa watafutaji, na hakuna anayetaja wivu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu hupenda kujipima na anayekaribiana naye. Ndiyo maana mwuza mchele wa Koboko hakosi usingizi kwa sababu ya Evelyn Anite, aliyeshinda kiti cha ubunge cha Manispaa ya Koboko mwaka 2016 na ambaye pia amewahi kuwa waziri. Kinachomuuma ni jirani wa meza ya pili, waliyeanza naye na gunia moja moja, ambaye leo ana matatu.

Kulinganishana huko hakuzuiliki, ila kunaweza kuwekewa mpaka. Vikundi vya kuweka na kukopa vimelijua hilo siku nyingi. Mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea hadi West Nile, eneo lenye Arua na Koboko. Sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Kila mwanachama hununua hisa mbele ya wote, na kijitabu chake kinagongwa mhuri. Siri haipo. Lakini hisa haziruhusiwi kuzidi tano kwa kikao, hata kama mtu ameuza lori zima la vitenge. Mwenye hisa moja naye ana kura moja, sawa na mwenye tano.

Mwisho wa mzunguko fedha hugawanywa, na nyingine, kwa bahati mbaya, huishia kwenye sare.

Basi kamati za harusi ziige vikundi: zitangaze rangi tu, bei kila mtu ajipangie, na aliyekuja na kitenge cha mwaka jana apewe kiti na sahani kama wenzake.