Simba amefungwa, Simba imefungwa

Simba amefungwa. Simba imefungwa. Simba wamefungwa. Ya kwanza ni habari ya mnyama aliye nyuma ya nondo. Ya pili ni ya klabu ya mtaa wa Msimbazi iliyoondoka uwanjani bila pointi. Ya tatu ni ya wachezaji wenyewe, wanaopanda basi vichwa chini. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kumaliza kipindi kizima akichora majedwali ya ngeli ubaoni, A-WA upande huu, I-ZI upande ule, na wanafunzi wakanakili yote kimya kimya. Akiingia na ukurasa wa michezo wa jana, kengele italia ubishi haujaisha.

Walimu wengi wa Afrika Mashariki wanalijua hilo, ingawa si wote wanaoliandika katika andalio la somo. Gazeti ni zana ya kufundishia inayopatikana kwa muuza magazeti wa stendi, na ikishapitwa na siku hupatikana hata kwa muuza karanga.

Anza na vichwa vya habari. Mechi imechezwa jana, lakini gazeti la leo linaandika "Yanga yatwaa kombe", si "Yanga ilitwaa kombe". Waziri aliyezindua daraja juzi, gazetini "azindua daraja". Kiambishi hicho cha -a-, ambacho vitabu vya sarufi vya Kenya hukiita cha hali isiyodhihirika, mtoto wa mjini anaweza kumaliza wiki nzima bila kukitamka. Magazetini hakikosekani hata siku moja. Wahariri wanakipenda kwa kuwa ni kifupi, na kwa kuwa kinamfanya msomaji aone jambo likitendeka mbele ya macho yake. Zoezi linajitunga lenyewe: mwanafunzi achukue vichwa kumi, avigeuze kuwa sentensi kamili za wakati uliopita, arudishe kila neno ambalo mhariri amelibana ili kuokoa nafasi. Halafu afanye kinyume chake, yaani asome habari ya aya nane na kuibania kichwa cha maneno manne. Hapo ndipo jasho linapomtoka, maana huo ni ufupisho, na ufupisho ndio unaowaangusha wengi kwenye mtihani.

Ukurasa wa michezo una utajiri mwingine. Timu haishindi tu: inachapa, inanyuka, inazamisha, inagaragaza, inalaza. Klabu nazo haziitwi kwa jina moja. Kuna Wekundu wa Msimbazi na Wanajangwani jijini Dar es Salaam, kuna K'Ogalo na Ingwe jijini Nairobi, na mtoto asiyejua lakabu ni nini kwenye somo la fasihi anazijua hizi zote tangu darasa la pili. Kenya huita matumizi haya ya lugha sajili, Tanzania huyaita rejesta. Mitaala ya nchi zote mbili inataka mwanafunzi wa sekondari aweze kutofautisha lugha ya mahakamani, ya biashara, ya bungeni na ya michezo. Kitabu cha kiada humpa kipande kimoja cha kila aina, mara nyingi kilichotungwa na mwandishi wa kitabu mwenyewe. Gazeti moja linampa zote, zikiwa zimeandikwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria mtihani.

Tena gazeti la Kiswahili si mgeni shuleni. Lilizaliwa huko.

Mwaka 1888, katika shule ya wamisionari wa UMCA pale Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, lilitolewa Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Kiungani ilianzishwa kwa ajili ya vijana waliookolewa utumwani, na kazi ya uchapaji ilikuwa miongoni mwa ufundi waliofunzwa. Mwaka 1904, shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikatoa Kiongozi, lililoendelea hadi 1916, Waingereza walipouteka mji huo katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Walimu na makarani waliokuwa wamesambazwa sehemu mbalimbali za koloni waliandika barua kueleza ya huko waliko, kisha wakasoma ya wenzao. Walikuwa wanafunzi wa shule waliogeuka kuwa waandishi wa habari bila kuitwa hivyo.

Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923. Lilitoka kila mwezi, na aliyefungua kurasa zake alikuta habari za dunia, kilimo, afya, barua za wasomaji na mashairi. Shaaban Robert na Mathias Mnyampala walichapisha humo tungo zao. Lilikuwa gazeti la serikali, na serikali ya kikoloni haikuwafadhili watu waitukane. Aliyetaka kusoma malalamiko ya Waafrika yenyewe alisubiri hadi 1937, Erica Fiah alipotoa Kwetu. Hata hivyo, kama chombo cha kumzoesha msomaji mpya kusoma, Mambo Leo lilifanya kazi ambayo vitabu vichache vya wakati ule vingeiweza.

Nusu karne baadaye hitaji lile lile la kumpa msomaji mpya cha kusoma lilirudi. Mwanza ilikuwa kituo cha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972. Wakulima wa pamba walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, na wasimamizi wakatambua tatizo ambalo kila mwalimu wa ngumbaru analijua: anayejua herufi leo, asipopata cha kusoma, mwakani anazisahau. Ndipo mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Halikuwa la wasomi. Lililengwa kwa mtu aliyetoka kufaulu kusoma jina lake, ambaye sasa alitaka kujua habari za shamba na zahanati.

Siku hizi juhudi za aina hii huongozwa zaidi na kampuni na asasi. Nchini Kenya, Nation Media Group ina mpango wa magazeti shuleni unaojulikana kwa kifupi kama NiE, na Taifa Leo limekuwa likiingia madarasani kwa njia hiyo, likiwa na kurasa za lugha, fasihi na mashairi zinazowalenga wanafunzi na walimu wao. Tanzania kuna jarida la Fema, linalosambazwa bila malipo katika shule za sekondari, ambalo huwapa vijana nafasi ya kusoma maisha ya vijana wenzao. Mbinu zenyewe zinatofautiana, lakini wote wameona pengo lile lile: mwanafunzi anaweza kumaliza shule akiwa amesoma vitabu vya mtihani tu.

Si mwalimu wa Kiswahili peke yake anayefaidi. Mwalimu wa hisabati apewe msimamo wa ligi. Humo mna idadi ya mechi, ushindi, sare, kufungwa, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa na pointi. Pointi tatu kwa ushindi, moja kwa sare: mwanafunzi akague kila mstari kama jumla ni sahihi. Tofauti ya magoli inamletea namba hasi bila kumtisha, maana timu yenye -17 haihitaji kuelezwa na mtu. Kisha liko jambo tamu zaidi. Kila goli lililofungwa na timu moja limefungwa dhidi ya timu nyingine, kwa hiyo tofauti za magoli za timu zote zikijumlishwa, jibu lazima liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, darasa limemkamata mhariri.

Na wakishamkamata, wamwandikie. Barua kwa mhariri ni mojawapo ya insha ambazo karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE huweza kuzidai, sawa na tahariri na ripoti. Mwanafunzi huikariri sura yake, anwani hapa, mada pale, bila kuwa na neno la kumwambia mhariri. Darasa lenye kosa mkononi lina neno la kusema.

Makosa, kwa kweli, ni hazina. Magazeti huandika "wahanga wa mafuriko" wakimaanisha walioathirika, ilhali mhanga ni yule anayejitoa. Huandika "masaa mawili" na walimu huikata kwa wino mwekundu, wakitaka "saa mbili". Lakini mwanafunzi mjanja atauliza: ukisema mvua imenyesha saa mbili, umemaanisha ilianza ilipotimu saa mbili, au ilinyesha kwa muda huo? Wasemaji wa mtaani wana sababu yao, na kipindi kimoja cha kubishania jambo hilo kina thamani kuliko alama kumi za mkato wa wino.

Ukurasa wa mahakama unafundisha uraia kwa maneno machache. Mtu yule yule ni mshukiwa au mtuhumiwa anapotafutwa na polisi, ni mshtakiwa akisomewa mashtaka, ni mfungwa akihukumiwa kwenda jela, na ni raia huru akiachiwa. Gazeti likimwita mwizi siku ya kwanza, limemhukumu kabla ya hakimu. Hakuna sura ya kitabu cha uraia inayofikisha jambo hilo kwa haraka kama habari mbili za mtu mmoja, ya siku aliyokamatwa na ya siku alipoachiwa, zikibandikwa ukutani pamoja. Mara nyingi ya pili ni ndogo mno na iko ukurasa wa ndani, na wanafunzi wataliona hilo wenyewe.

Zoezi gumu zaidi, na pengine bora kuliko yote, ni kuweka magazeti mawili ya siku moja ubavu kwa ubavu. Nchini Tanzania, HabariLeo ni la serikali, Uhuru ni la chama tawala, Mwananchi na Nipashe ni ya kampuni binafsi. Tukio ni moja. Nani kaliweka ukurasa wa kwanza? Picha ya nani? Nani kanukuliwa mwanzo na nani kaachwa aya ya mwisho? Anayefika hapo hatadanganywa kirahisi na zile kurasa za mbele za kughushi zinazozunguka kwenye WhatsApp zikiwa na nembo ya gazeti la kweli. Anajua ukurasa wa kweli unavyokaa, kwa sababu ameushika.

Vikwazo vipo. Kwanza ni idadi: wanafunzi 60, gazeti moja. Lakini gazeti, tofauti na kitabu, linaachana bila kuharibika. Lenye kurasa 32 lina karatasi nane tu, kila moja ikibeba kurasa nne. Zikikatwa kwenye mkunjo zinakuwa vipande 16, na darasa la watu 60 linagawika wanne wanne. Habari ikiandikwa "inaendelea ukurasa wa 4", kundi moja litalazimika kwenda kulitafuta kundi lingine, na mwalimu hajalazimika kubuni mbinu yoyote ya ushirikishwaji.

Kikwazo cha pili ni yaliyomo. Si kila ukurasa wa kumpa mtoto. Kuna picha za ajali ambazo hata mtu mzima angependa kuzipita, na kuna safu za vituko vya mapenzi, kama Dondoo za Taifa Leo, ambazo wanafunzi huzisoma kwanza hata ukizificha. Nazo zina Kiswahili chake cha kalameni na vidosho ambacho mwalimu wa sajili angekitamani, ila akumbuke kwamba mzazi ataona daftari. Siasa nayo inawatia walimu hofu. Wengi huona afadhali wabaki kwenye michezo na hali ya hewa. Hofu hiyo inaeleweka, ila inawanyima wanafunzi zoezi la magazeti mawili.

Simu haijachukua nafasi hii kama inavyodhaniwa. Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kumiliki simu, na matoleo ya mtandaoni yanabaki kwa mwalimu mwenye bando. Karatasi inapita mkono kwa mkono, haihitaji chaji, na ikichoka inaanza maisha mengine. Madarasa ya chini hukata herufi kutoka vichwa vya habari na kuunda majina yao. Masalio yanaviringishwa kuwa mipira ya kuchezea. Na kurasa zilizobaki nzima hutumika kujalidia madaftari, ndiyo maana mtoto aliyechoshwa na somo la saa nane mchana anaweza kuonekana akiinamisha kichwa juu ya jalada la daftari lake, akisoma kwa mara ya arobaini matokeo ya mechi ya mwaka jana.