Wapangaji Wawili wa Nairobi: Gor na Ingwe Watahamia Kwao Lini?

MSOMAJI, iwapo unaishi katika nyumba ya kupanga hapa jijini, basi mambo ya mwenye nyumba huhitaji kufundishwa. Kodi hutakiwa mwanzo wa mwezi, upende usipende. Msumari ukutani hupigilii bila ruhusa. Na siku mwenyewe akiamua kukarabati, wewe hufunga virago ukatafute pengine pa kulaza watoto.

Hayo ndiyo maisha ya klabu mbili zinazopendwa kuliko zote humu nchini. Siku ya Mashemeji Derby, timu moja hutangazwa kuwa mwenyeji na ya pili mgeni, kisha katika mkondo wa pili hubadilishana vyeo. Lakini mwenyeji wa wapi? Uwanja si wa Gor Mahia, wala si wa AFC Leopards. Wote wawili ni wapangaji, na mwenye nyumba ni mmoja.

Si kwamba ni watoto wadogo wanaoanza maisha. Leopards walizaliwa 1964 wakiitwa Abaluhya United, nao Gor wakafuata 1968. Ingwe wametwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tano. K'Ogalo, mwishoni mwa 1987, walitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia pale Kasarani, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, wakabeba Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Kombe la bara zima! Na usiku huo huo, baada ya nderemo, walirudisha funguo za uwanja kwa wenyewe.

Mjadala wa uwanja basi hauishi. Panda matatu ya Barabara ya Jogoo jioni ya mechi, ukipita karibu na ule City Stadium ambao sasa una jina la marehemu Joe Kadenge, nawe utausikia hata kama hukuuomba. Mzee mmoja mwenye kofia ya buluu na nyeupe atakuapia kwamba zamani klabu ilipewa kiwanja, na kwamba yeye mwenyewe alionyeshwa kwa kidole mahali kilipo. Kijana wa chuo aliyeketi nyuma yake atauliza swali moja tu: "Mzee, hatimiliki iko wapi?" Matatu yote itacheka. Mzee atanyamaza kidogo, kisha aanze upya kutoka mwaka mwingine.

Usimcheke sana mzee. Wazazi wangapi wa mtaa wenu wamenunua ploti ambayo mpaka leo ni hadithi tu? Kiwanja bila karatasi ni kama bao lililofungwa refa akiwa ameshapuliza kipenga.

Atakayefuata kunena ni yule wa hesabu. Kila matatu inaye. Atasema mashabiki wetu ni mamilioni, kila mmoja akitoa shilingi 100 tu, mambo yamekwisha. Hebu tumfuate polepole, na mwanao wa darasa la sita asaidie. Tuseme tumepata mashabiki 20,000 wasiokosa, kila mmoja akitoa shilingi 100 kila mwezi. Hizo ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka. Sasa, Uwanja wa Talanta wa watu 60,000, ambao ujenzi wake ulianza 2024 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ulitafutiwa karibu shilingi bilioni 45 kupitia soko la hisa 2025. Gawanya. Utapata miaka 1,875.

Hapo wengi hukata tamaa na kurejea kwenye habari za kipa. Lakini nani alisema klabu lazima ijenge Talanta? Hili ndilo kosa letu kubwa katika mjadala huu: tukisema uwanja tunaona vioo na paa la chuma. Nenda Chamazi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Azam FC, klabu changa kuliko watoto wa mashabiki wetu wengi, ina uwanja wake wa watu wapatao 10,000. Simba na Yanga, zilizokuwapo tangu miaka ya 1930 na zenye wafuasi wasiohesabika, zimewahi kubisha hodi hapo kama wapangaji. Ni kweli Azam ina tajiri nyuma yake. Hata hivyo tajiri huyo hakuanza na viti 60,000.

Na nini hasa hupotea kwa mpangaji? Waulize wachuuzi. Wenye uwanja ndio huamua nani auze maji na karanga ndani, mabango ya nani yatundikwe, magari yaegeshwe wapi na kwa bei gani. Klabu hubaki ikitegemea viingilio, na humo pia hutoa kodi. Tena kuna kuhamahama. Nyayo na Kasarani zilipofungwa kwa ukarabati kabla ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, mechi zilisukumwa Machakos, Dandora na kwingineko. Baba aliyezoea kumpeleka binti yake Nyayo kwa miguu kutoka South B akajikuta akilipa nauli mbili za Machakos, kwenda na kurudi. Mara nyingi hakwenda. Klabu ikapoteza viingilio viwili, na huenda ikapoteza pia shabiki wa miaka 40 ijayo.

Upande wa pili nao una hoja, nasi hatutauficha. Watu wa Arsenal hapa Nairobi, na ni wengi ajabu, wanajua uchungu wa kujenga. Klabu yao iliondoka Highbury 2006, ikahamia uwanja wa watu 60,000 uliogharimu karibu pauni milioni 390. Baada ya kombe la 2005 haikushika jingine hadi 2014. Fàbregas akaenda 2011, van Persie akaenda 2012, na kwa watani wa jadi, Manchester United. Niambie kwa moyo safi: ungevumilia? Shabiki anayetaka kocha afutwe kwa sare mbili atakubali miaka tisa mitupu kwa sababu ya matofali?

Everton nao walikuwa Goodison Park tangu 1892. Walipotaka kuhama, mpango wa kwanza wa kando ya mto ulivunjika 2003 kwa kukosa fedha. Wa pili, wa kwenda Kirkby nje ya Liverpool, serikali ikaukataa 2009. Katikati ya mipango hiyo mashabiki wenyewe walifarakana: wengine wakitaka uwanja kwa vyovyote, wengine wakiapa hawatatoka mjini. Hatimaye walihamia bandarini 2025, zaidi ya miaka 20 baada ya kuanza kubishana. Watoto waliozaliwa katika mjadala walikuja kuketi kwenye viti wakiwa watu wazima.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi kiko Ujerumani, katika klabu iitwayo Union Berlin. Kama Gor na Ingwe, hiyo ni klabu ya wanachama. Kama wao, ilikuwa na kelele nyingi na mfuko uliotoboka. Mwaka 2004 ilikuwa hoi kifedha, mashabiki wakaenda kutoa damu, na malipo waliyopewa wakaikabidhi klabu. Kisha 2008 uwanja wao ukahitaji kujengwa upya na fedha za kulipa mkandarasi hazikutosha. Wakaja wenyewe. Fundi bomba, mwalimu, dereva, mwanafunzi, bibi mwenye sufuria ya supu ya kuwalisha wachapakazi. Zaidi ya watu 2,000 walijitolea, wakafanya kazi ya karibu saa 140,000. Ukigawa, ni wastani wa saa 70 hivi kwa kila mtu, bila malipo. Muda huo wote timu ilicheza kwenye uwanja wa wengine. Mwaka 2009 wakarudi kwao. Mwaka 2011 klabu ikawauzia wanachama hisa za uwanja huo, yuro 500 kila moja, na mwaka 2019 Union wakapanda ligi kuu ya Ujerumani kwa mara ya kwanza.

Utasema, ah, hao ni Wazungu, wana vyombo. La. Sisi ndio wenye harambee! Nchi hii imejenga madarasa na zahanati kwa mchanga uliobebwa na akina mama vichwani. Na nyumbani kwako, msomaji, kuna mtu ambaye kila mwezi hupeleka fedha kwenye chama bila kukosa hata siku moja. Mwulize kwa nini hupeleka. Atakuambia anawajua wenzake, daftari husomwa mbele ya wote, na zamu yake huja.

Hapo ndipo mwandishi huyu anaposimama. Shilingi 100 si tatizo. Shabiki hutumia zaidi ya hizo kwa vuvuzela. Tatizo ni daftari. Klabu ina wanachama wangapi waliosajiliwa na kulipa, si wanaopiga kelele tu? Mechi iliyopita iliingiza kiasi gani langoni, na ni nani aliyekusomea? Benki haikopeshi nyimbo, na hata bibi wa Berlin hangeleta supu kama asingejua matofali yanaelekea wapi.

Mama mmoja wa Umoja, ambaye mumewe hakosi mechi ya K'Ogalo, aliniambia hana ugomvi na kandanda. Karo ikishalipwa, atamwachia mzee hiyo mia moja kila mwezi. "Lakini mwambie alete risiti," akasema. Mumewe, aliyekuwa akisikiliza mpira redioni, alipunguza sauti akauliza risiti hiyo hutolewa ofisi gani. Sikuwa na jibu la kumpa, wala kijana wao mwenye jezi ya Ingwe, ambaye sijui aliipataje katika nyumba hiyo, hakuwa nalo. Akatafuta kalamu, akageuza ukurasa wa nyuma wa daftari lake la hesabu na kuanza kuandika barua mbili: moja kwa klabu ya babake, nyingine kwa klabu yake.