Urudufu na Uthabiti wa Programu za Kompyuta

Katika sentensi "Vitabu vyangu viwili vimepotea", wingi umedhihirishwa mara nne. Kelele zikimeza kiambishi kimoja, vilivyosalia humwongoza msikilizaji. Hata hivyo, msemaji akikosea idadi tangu mwanzo, viambishi vyote vitarudia kosa hilo. Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliangamia takriban sekunde 40 baada ya kurushwa kutoka Kourou. Mitambo yake miwili ya kupimia mwendo ilitumia programu ile ile. Namba iliyozidi nafasi iliyotengewa iliizima yote miwili, ule wa akiba ukitangulia. Basi, nakala hukinga dhidi ya uchakavu wa chombo. Kosa la mtunzi wa programu huhitaji kinga nyingine, kama vile programu ya pili iliyotungwa kwa njia tofauti.