Majaribio ya Marekani hayauzwi

Swali limerudi tena wiki hii, kwa maneno yaleyale: "Wakili, majaribio ya Marekani ni lini, na ni shilingi ngapi?" Safari hii aliyeuliza ni baba wa kijana wa miaka 16 mkoani Kigoma. Nilipomuuliza nani kamwambia kuwa majaribio yanalipiwa, alinijibu kama wanavyonijibu wote: "Si ndivyo alivyopita Kamungo?"

Kazi yangu ni mikataba na usajili wa wachezaji. Kwa sababu ya jibu hilo nimeona kiwanja cha urithi kikiuzwa, nimeona mama akichukua mkopo wa kikoba na kumkabidhi mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Kwa hiyo leo nalijibu lote.

Bernard Kamungo alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2016, akiwa na miaka 14, familia yake ilihamishiwa Marekani kwa mpango wa kuwapa wakimbizi makazi mapya, ikafikia Abilene, Texas. Alisoma hapo na kuichezea timu ya shule. Mwaka 2021 akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, akachukuliwa. Mwaka uliofuata akasaini MLS, ligi kuu ya Marekani. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi katika ile sare ya 4-4 ya Leagues Cup, na Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Kijana wa Kasulu, anayejua chandimu ni nini. Nami namfurahia kama mnavyomfurahia ninyi.

Ni kweli pia kwamba kaka yake ndiye aliyemwandikisha kwenye majaribio yale na kumlipia ada, fedha isiyofika dola 100. Hapo ndipo matapeli wanaposhikia. Wanauchukua ukweli huo mmoja, wanakata kila kilichoutangulia, kisha wanamwambia mzazi: lipa, mwanao aende, wamwone, basi. Hebu tukirudishe kilichokatwa.

Asubuhi alipoingia uwanjani, Kamungo alikuwa ameishi Marekani kihalali kwa miaka mitano. Kutoka Abilene hadi kwenye viunga vya Dallas ni mwendo wa saa kama tatu kwa gari. Hakuhitaji viza, hakuhitaji barua ya mwaliko, na kama angekataliwa angerudi nyumbani kula chakula cha jioni na ndugu zake. Hayo yanaonekana kwa macho. Kubwa zaidi ni lile lisiloonekana, na sijawahi kumsikia hata wakala mmoja wa mitaani akilitaja: kwa kanuni za MLS, Kamungo hakuwa mchezaji wa kigeni.

Kila timu ya MLS hupewa nafasi 8 za wachezaji wa kigeni. Timu huuziana na kubadilishana nafasi hizo, kwa hiyo moja ina thamani ya fedha hata kabla mchezaji hajapatikana wa kuijaza. Asiyehesabiwa mgeni ni raia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na aliyepewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Ligi zilizo chini ya MLS nazo zina ukomo wa namna hiyo. Kocha aliyemtazama Kamungo alikuwa na swali moja tu la kujiuliza: huyu kijana anacheza au hachezi? Kwa mwanao anayetoka Kigoma, Mwanza au Kisumu, kocha huyohuyo atajiuliza kama anacheza kumzidi Mbrazil au Muajentina ambaye timu ingeweza kumpa nafasi hiyohiyo. Mlango ni uleule, ila mizani ni nyingine kabisa, na hakuna ada inayoweza kuibadilisha.

Mtazameni pia Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa aliyesaini Seattle Sounders mwaka 2018. Naye alipita kambi ya wakimbizi akiwa mtoto, familia yake ikapelekwa Marekani, akakulia Seattle na kulelewa na akademi ya timu hiyohiyo. Si yeye wala Kamungo aliyesafirishwa kwa ajili ya mpira. Walisafiri na wazazi wao kwa sababu hawakuwa na pa kurudi, mpira ukawakuta huko. Na kwa kuwa nimeshaulizwa, najibu na hili: hapana, usimwingize mwanao kambini ukitumaini atapelekwa Texas. Familia zile zilisubiri miaka mingi, zilihojiwa tena na tena, na zilikuwa zimepoteza nyumba na ndugu. Kujifanya mkimbizi ni kosa la jinai, na ni kuwadhulumu wanaosubiri kwa haki.

Sasa umri. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Misamaha ipo, michache, na mmoja wake ni pale wazazi wanapohamia nchi mpya kwa sababu zisizohusiana na mpira. Sababu za familia ya Kamungo zilikuwa za aina hiyo. Kijana wa miaka 16 anayepelekwa peke yake na "wakala" hana msamaha huo. Hata akifika, hata akiwaacha mabeki wote chini, klabu haiwezi kumsajili. Mzazi anayelipia majaribio ya mtoto wa umri huo analipia kitu ambacho mwisho wake umeshazuiwa kwa maandishi.

Kisha kuna mkataba wenyewe. MLS imejengwa kama shirika moja: mchezaji husaini na ligi, na ligi ndiyo inayoshika mkataba wake, ingawa anavaa jezi ya Dallas au ya Seattle. Kwa hiyo karatasi inayosema "klabu imeshakuandalia mkataba, unasubiri kusaini tu" imeandikwa na mtu asiyejua ligi hiyo inavyoendeshwa. Na kibali cha kufanya kazi ya mpira huombwa na mwajiri wa Marekani, kwa ofisi za uhamiaji za Marekani, kwa gharama na nyaraka zake. Hakiuzwi Kariakoo wala River Road. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kulipwa kwa kucheza, na anayemfundisha kijana kudanganya kwenye dirisha la ubalozi anaweza kumfungia nchi hiyo kwa miaka mingi.

Nina mojawapo ya barua hizo mezani, ya mwaka jana. Nembo ya klabu imenakiliwa kutoka mahali fulani ikavutwa hadi kingo zikawa ukungu. Anwani ya barua pepe ni ya Gmail. Chini ya jina la "mkurugenzi wa majaribio" kuna namba ya WhatsApp inayoanza na 255, yaani mkurugenzi wa klabu ya Marekani anapatikana kwa laini ya Tanzania. Barua inasema kijana atagharimiwa kila kitu isipokuwa "ada ya kushughulikia faili," dola 1,500, na fedha zitumwe kwa jina la mtu binafsi kwa njia ya simu. Tarehe za majaribio ni 20 hadi 27 Desemba. Fainali ya MLS mwaka jana ilichezwa mapema mwezi huohuo. Tarehe 20 wachezaji wapo likizo, makocha wapo likizo, na maandalizi ya msimu huanza Januari. Aliyeandika barua hii hakujisumbua hata kuangalia ratiba ya ligi anayoiuza, na bado amelipwa, kwa sababu aliyelipa naye hakuiangalia.

Wazazi wananiambia, "Lakini wakili, barua ina muhuri." Muhuri unachongwa kwa siku moja. Wananiambia jamaa alishawapeleka wengine. Naomba jina la mchezaji mmoja, klabu moja na msimu mmoja, nami nitamtafuta kwenye orodha ya mishahara ambayo chama cha wachezaji wa MLS huitoa hadharani. Mchezaji wa MLS hawezi kufichika: mshahara wake unachapishwa. Mpaka sasa kila jina nililopewa kwa njia hii limeishia hewani.

Kwa kuwa tumegusa mishahara, nalo tuliseme. Wengi wanamwona Messi wanadhani ligi nzima iko vile. Mwaka 2024 kima cha chini kwa wachezaji wa akiba, ambao wengi ni vijana, kilikuwa dola 71,401 kwa mwaka, kabla ya kodi, katika miji ambako pango la chumba kimoja linakula sehemu kubwa ya mshahara. Ni fedha nzuri, na kijana akizipata ashukuru. Lakini aliyeuza shamba la familia akitegemea utajiri wa mwaka wa kwanza amepiga hesabu mbovu hata pale ambapo kila kitu kingekuwa cha kweli.

Najua pia kwa nini watu wanaamini haraka. Hapa kwetu mtoto anaweza kuwa hodari kweli, akacheza ndondo miaka mitatu, na asije mtu mwenye daftari kumwangalia. Mzazi anaona umri unakwenda. Tapeli ndiye mtu wa kwanza aliyekuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akamsifia mtoto kwa jina. Hilo linauma, na ndilo linalonikasirisha kuliko kanuni zote nilizozitaja: sifa ile ilikuwa ya kweli, mtoto alistahili kuisikia, na imetumika kumwibia.

Haya, ya kufanya ni haya. Ana miaka chini ya 18? Abaki shule, na ahakikishe yuko kwenye klabu iliyomsajili rasmi kwenye shirikisho la soka, TFF (Tanzania) au FKF (Kenya), jina na tarehe ya kuzaliwa zikilingana na cheti. Usajili huo una fedha ndani yake: FIFA inazitambua klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 21, na akija kuuzwa nje klabu ya mtaani inaweza kudai fidia ya mafunzo, ila isipokuwa na rekodi haidai chochote. Miaka uliyompunguzia ili acheze mashindano ya vijana ndiyo itakayomfungia hapa, kwa hiyo usipunguze.

Anataka Marekani hasa? Njia waliyoipita wengine wasio na ukaazi wa huko ni chuo. Mkenya Lawrence Olum alipitia Missouri Baptist University, akahangaika ligi za chini, ndipo akafika Sporting Kansas City na kuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa MLS mwaka 2013. Huko wanaangalia matokeo ya mtihani wa sekondari, Kiingereza, na video ya mechi nzima, si ya mabao tu. Anza kidato cha tatu. Mwandikie kocha wa chuo mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo. Udhamini kamili kwa wavulana ni mchache, mwingi ni wa sehemu, kwa hiyo uliza kiasi kinachobaki kabla hujashangilia. Asisaini mkataba wa kulipwa kwanza, na asikae miaka mtaani baada ya shule, kwani vyote viwili vinaweza kumnyima haki ya kuchezea chuo.

Ameshavuka 18 na shule imeisha? Acheze ligi, hata daraja la chini, apande. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Genk ya Ubelgiji ikamchukua Januari 2016. Klabu za nje zinanunua mechi zilizochezwa.

Wakala? Jina lake litafutwe kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni. Wakala halali hula asilimia ya mkataba baada ya kusainiwa, na kwa mtoto lazima awe na idhini ya maandishi ya mzazi. Anayeomba fedha mbele ya mkataba, mfungulie mlango atoke. Umepata mwaliko na unadhani ni wa kweli? Usipige namba iliyo kwenye barua. Chukua namba kwenye tovuti ya klabu, uliza kwa jina, na umwombe katibu wa klabu yako awaandikie rasmi.

Na kama umeshalipa, usione aibu na usimpigie tapeli kumbembeleza. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako siku hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, usifute meseji hata moja, chapisha barua na mazungumzo ya WhatsApp, nenda polisi ufungue jalada, na uondoke na namba ya jalada mkononi.