Dawa Iliyomo Ndani ya Gari la Wagonjwa

Nchini Rwanda gari la wagonjwa huitwa imbangukiragutabara, yaani chombo chepesi cha kwenda kuokoa. Jina hilo linasifu mbio, na hivyo ndivyo watu wengi wa Afrika Mashariki wanavyolifahamu gari hilo: king'ora, kitanda, na dereva asiyeogopa kona. Ni wachache wanaouliza kuna nini ndani ya kasha lililowekwa kando ya kitanda. Lakini mahali penye milima kama Kanama, kasha hilo laweza kuamua hatima ya mgonjwa kabla magurudumu hayajaufikia mlango wa hospitali.

Kanama ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, katika eneo lililokuwa mkoa wa Gisenyi hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Barabara kuu itokayo Kigali kupitia Musanze hupita hapo, na kandokando yake liko soko la Mahoko. Karibu nalo unapita mto Sebeya, uteremkao kutoka upande wa Gishwati, ambao ukifura huingia majumbani mwa watu bila hodi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo yaliyoua watu zaidi ya 130 katika wilaya kadhaa za Rwanda, Rubavu ikiwa mojawapo ya zilizoumia zaidi. Barabara zilikatika katika sehemu mbalimbali. Hata siku ya ukavu, nyumba nyingi za Kanama ziko mitelemkoni, mbali na lami. Mgonjwa hubebwa kwanza na majirani katika ingobyi, yaani machela ya kienyeji, hadi kwenye kituo cha afya au mahali gari linapoweza kufika. Safari ya kwenda hospitali ya Gisenyi huanza baada ya hapo.

Ni dhahiri basi kwamba saa ya mgonjwa huanza kuhesabiwa mapema kuliko saa ya gari. Rwanda iliunda huduma yake ya taifa ya msaada wa dharura, iitwayo SAMU, katika mwaka 2007, na wananchi huipigia simu kwa nambari 912. Jina SAMU limetoka Ufaransa, ambako tangu miaka ya 1960 imekuwa desturi kwamba daktari ndiye amfuataye mgonjwa. Rwanda ilichukua jina, lakini ndani ya gari ikaweka wauguzi, baadhi yao wakiwa wamesomea kazi ya kutia watu usingizi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani madaktari wangesubiriwa mpaka lini? Lakini uamuzi huo unaleta swali lake: muuguzi huyo amepewa dawa gani, na ameruhusiwa kufanya nini nazo bila ya kuagizwa?

Dawa ya dharura, takriban katika kila hali, haimponyi mgonjwa. Kazi yake ni kuyachelewesha mauti. Adrenalini, nusu miligramu ikichomwa katika msuli wa paja la mtu mzima ambaye mwili wake umeshambuliwa na mzio mkali, hufungua njia ya hewa na kuinua msukumo wa damu. Glukosi humwamsha mgonjwa wa kisukari aliyepoteza fahamu kwa kuishiwa sukari mwilini. Salbutamoli humpunguzia mwenye pumu kubanwa kifua, na diazepamu husimamisha degedege. Hizi hufanya kazi kwa dakika tu, na kosa la kutokuwa nazo huonekana papo hapo.

Iko dawa nyingine ambayo faida yake haionekani kwa macho, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuisahau. Hiyo ni asidi ya traneksamiki. Ilivumbuliwa Japani katika mwaka 1962 na Bi Utako Okamoto na mumewe Shosuke Okamoto, waliokuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mtu anapojeruhiwa, damu huganda na kuziba jeraha. Lakini mwili una nguvu nyingine iyeyushayo bonge hilo, na katika majeraha makubwa nguvu hiyo huzidi kipimo. Dawa hii haigandishi damu. Hulilinda tu bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke.

Ilipita karibu nusu karne kabla ulimwengu haujaijaribu kwa majeruhi wengi. Matokeo ya jaribio lililoitwa CRASH-2 yalitangazwa katika mwaka 2010, baada ya majeruhi zaidi ya 20,000 kuchunguzwa katika hospitali 274 za nchi 40. Katika kila majeruhi 100 waliopewa dawa ya bandia, 16 walikufa; katika kila 100 waliopewa dawa yenyewe, walikufa 14 na nusu. Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Kati ya majeruhi 1,000 ni watu 15, na dawa ni ya bei nafuu, haihitaji jokofu, na hutiwa mshipani kwa dakika 10. Katika mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo jaribio hilo lilifundisha jambo jingine, ambalo kwa watu wa Kanama lina uzito zaidi ya hesabu yenyewe. Waliopewa dawa katika muda wa saa moja baada ya kuumia ndio waliofaidika zaidi, vifo vya kutokwa damu vikipungua kwa karibu theluthi moja. Waliopewa baada ya muda wa saa 3 kupita hawakufaidika, bali vifo vya kutokwa damu viliongezeka miongoni mwao. Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, ila saa imebadilika. Uchunguzi uliochapishwa katika mwaka 2018 ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu sehemu moja ya kumi. Sasa na ahesabiwe mwendesha pikipiki aliyegongwa katika njia ya mlimani: kupata watu wa kumbeba, kuteremka naye, kupata simu, kulingoja gari, kisha safari ya mjini. Dawa hii ikiwekwa hospitalini peke yake, itamfikia mgonjwa wakati faida yake kubwa imekwisha pita. Mahali pake hasa ni katika gari, na bora zaidi, katika kituo cha afya kilicho karibu na mteremko.

Mama aliyejifungua na kutokwa damu yumo katika hesabu hiyohiyo. Jaribio la WOMAN, ambalo matokeo yake yalitoka katika mwaka 2017, lilichunguza wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, na likathibitisha kwamba dawa hiyo ya Okamoto hupunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa kabla ya muda wa saa 3 tangu kujifungua. Bi Okamoto alikuwa amefariki dunia mwaka uliotangulia, bila ya kuyaona matokeo hayo.

Dawa ya kwanza ya mama huyo lakini ni oksitosini, ambayo hukaza mji wa mimba. Nayo ina tabu yake: hutaka kutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyoshinda garini juani hubaki na rangi ileile na maandishi yaleyale, huku nguvu imetoka. Muuguzi anachoma sindano, damu haikatiki, na lawama inamwangukia yeye. Ndiyo maana karbetosini ya aina isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwao, na matokeo yake kutolewa katika mwaka 2018, ilipokewa kwa furaha na watu wanaofanya kazi mbali na umeme wa uhakika. Kwa upande wa kifafa cha mimba, magnesiamu salfeti ndiyo tegemeo, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kipimo cha kwanza kitolewe kabla mama hajapakiwa garini. Ila ikizidi huweza kusimamisha pumzi. Kwa hiyo kasha lenye magnesiamu lisilo na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, ni kasha lenye kasoro.

Hapa ndipo inapofaa kuonya. Wako wanaofikiri kwamba dharura ni ruhusa ya kutoa chochote kilichopo, na kwamba dripu ya maji ya chumvi haimdhuru mtu. Afrika Mashariki yenyewe ilitoa jibu. Katika jaribio la FEAST, lililofanywa na watafiti wa Kilifi pamoja na hospitali za Uganda na ya Muheza nchini Tanzania, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika waligawanywa: wengine walitiwa maji mshipani kwa kasi, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoagiza, wengine hawakutiwa kwa kasi. Jaribio lilisimamishwa mapema katika mwaka 2011. Kati ya watoto 100 waliotiwa maji kwa kasi, karibu 11 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya 100 ambao hawakutiwa, walikufa 7. Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika hesabu hiyo, wala majeruhi. Aliyekaushwa na kipindupindu bado maji ndiyo uhai wake. Lakini ilibainika kwamba jambo lililozoeleka kwa miaka mingi, likifanywa kwa nia njema, lilikuwa likiwadhuru watoto.

Funzo la pili lilitoka katika malaria. Artesuneti ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa hupewa mtoto mdogo mwenye malaria kali huko kijijini, ili imshikilie hadi afikishwe hospitali. Ilipoenezwa kwa wingi katika Kongo, Uganda na Nigeria kati ya miaka 2018 na 2020, vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Dawa haikuwa mbovu. Watoto wengi waliopewa hawakumaliza safari, au walifika wakakosa matibabu kamili. Homa ilishuka kidogo, na pengine wazazi wakaona mwana amepona. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zisiieneze zaidi kwanza, na baadaye likatoa masharti ya kuitumia pale tu ambapo safari na hospitali vimehakikishwa.

Rwanda ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 50,000 vijijini, na ni wao wanaokuwa wa kwanza kuitwa usiku. Kadhalika inayo ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, ambazo tangu Oktoba 2016 hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga; mafuriko hayaikati njia ya angani. Lakini ndege hiyo hupeleka damu kwa daktari, haimpeleki mgonjwa. Tanzania, katika mpango wa m-mama, iliwatumia madereva wa teksi kuwabeba akina mama pale gari la wagonjwa linapokosekana. Dereva wa teksi hachomi sindano, kwa hiyo kipimo cha kwanza hapana budi kitolewe zahanati, kabla mlango wa gari haujafungwa.

Swali la nani achome linarudi palepale. Uganda, katika mwaka 2004, ilibadili sheria ili wauguzi waliosomea kazi hiyo waweze kuandika mofini wenyewe, kwa sababu madaktari walikuwa wachache na wenye maumivu walikuwa wengi. Mofini hufungiwa kwa ufunguo na kuhesabiwa, na ni haki iwe hivyo; lakini mtu mwenye paja lililovunjika, anayeteremshwa kwa ingobyi, hawezi kungojea saini ya mtu aliyeko mjini.

Yanayobaki ni mambo ya ofisi, nayo huua kimyakimya: nani hufungua kasha kila asubuhi, nani husoma tarehe ya mwisho wa dawa, nani hujaza pengo la jana. Aidha kuna kipande cha karatasi. Majeruhi aliyepewa gramu moja ya asidi ya traneksamiki njiani hutakiwa atiwe gramu nyingine hospitalini, polepole, kwa muda wa saa 8. Anayempokea Gisenyi atajuaje, ikiwa hakuna aliyeandika jina la dawa, kipimo, na saa ilipochomwa?