Bima Imekataa Kipimo cha Damu? Tazameni Msimbo Kwanza



Baadhi yenu mmeniletea karatasi ya bima iliyoandikwa "limekataliwa", na mgonjwa keshaacha kwenda kupima. Msiache. Huenda kasoro ni msimbo tu.

Dai la kipimo huenda bima likiwa na msimbo wa sababu, yaani herufi na tarakimu kutoka orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iitwayo ICD-10.

Tuseme mzee anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa moyo wake unapiga bila mpangilio. Lazima apimwe INR mara kwa mara. Kwa ugonjwa huo, kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, anaweza kupata kiharusi. Ikipanda, anaweza kuvuja damu.

Ikiandikwa "uchunguzi wa kawaida" tu, karani wa bima haoni sababu ya kulipa. Ziandikwe sababu mbili: ugonjwa wenyewe, ambao ni I48, na matumizi ya dawa ya muda mrefu. Hii ya pili ni Z92.1 katika toleo la WHO, na Z79.01 katika toleo la Marekani. Msimbo wa toleo lisilotumiwa na bima yenu unaweza kurudishwa.

Kuchagua msimbo si kazi yenu, ni ya hospitali. Lakini msimbo hutokana na maelezo ya daktari, na daktari huanza na mnayomwambia. Kwa hiyo:

1. Nendeni na maboksi ya dawa zote.
2. Semeni dawa ni ya ugonjwa gani na imeanza lini.
3. Kabla ya kuondoka, ulizeni: "Mmeandika ugonjwa na dawa?"
4. Dai likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, mrudi kwa daktari arekebishe.

Msiombe kuandikiwa ugonjwa msio nao. Huo ni udanganyifu, na utabaki kwenye faili lenu.

Mwaka wetu wa kwanza ugenini, mama yangu aliruka vipimo miezi miwili kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Tulishtuka fizi zilipoanza kutoka damu. Dai lilikuja kulipwa baada ya daktari kuongeza mstari mmoja.

Karatasi ikiwatatiza, ileteni ofisini tuisome pamoja. Kipimo kisisubiri.